Ua usioonekana: Soma hii kabla ya kumvisha mbwa wako kola ya shoti

Ukiwa kazini halafu namba ya jirani iingie saa nane mchana siku ya Jumanne, jua hiyo si simu ya salamu. Yangu ilitoka kwa mama mboga anayeuza karibu na geti letu, Kitengela.

"Kijana wangu," alianza, "mbwa wako ametoka tena. Amewakimbiza watoto wa shule. Mmoja ameanguka kwa mawe, goti limepasuka."

Kabla sijamaliza kusema pole, akaongeza maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Mimi sina ubaya na Chui. Lakini siku akimuuma mtoto, hatutaongea hivi kwa upole."

Kama unafuga mbwa mjini, stori hii unaijua. Ushago mbwa alizurura boma zima na hakuna aliyeuliza. Lakini Kitengela, Ruaka, Juja au Rongai, ploti ni ndogo, barabara iko mlangoni, boda zinapita kila dakika na watoto wa watu wanacheza nje. Nyumba nyingi za kupanga hazina ukuta. Yetu ilikuwa na ua wa kayaba wenye mapengo ambayo Chui aliyajua yote, moja baada ya jingine. Nilipomwambia mwenye nyumba tujenge ukuta, mzee alicheka. "Jenga tu," aliniambia, "lakini ukihama unaniachia."

Usiku huo, nikiwa kwa simu, video ikanipata. Mbwa mkubwa anakimbia kwenye nyasi za kijani, anafika mahali ambapo hapana kitu chochote, anasimama na kurudi. Hakuna ukuta, hakuna senyenge. Chini yake wameandika kwamba huo ni ua wa umeme usioonekana. Nikasema, suluhu ndiyo hii.

Huenda nawe umeiona video kama hiyo na kidole kiko tayari kununua. Subiri kidogo. Nitakueleza kifaa hiki kinavyofanya kazi, mahali kinapokwama, na kosa nililofanya ambalo aliyelipia ni Chui.

Waya haupigi shoti

Mfumo wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ndani ya nyumba. Ya pili ni waya mwembamba unaozunguka ploti yote na kurudi ulikoanzia, ukiwa umefukiwa sentimita chache chini ya udongo. Ya tatu ni kola ya mbwa yenye betri, kipokezi, na vijiti viwili vifupi vya chuma vinavyogusa ngozi ya shingo.

Kisanduku hutuma mawimbi hafifu ya redio kupitia waya. Mbwa akiukaribia, kola huyanasa mawimbi na kutoa mlio wa onyo. Akirudi nyuma, yameisha. Akiendelea mbele, vijiti vinampiga shoti shingoni.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wakenya tunaujua ua wa umeme. Ule wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, una urefu wa takriban kilomita 400 na umewekwa kuzuia ndovu wasiingie mashambani. Pale, umeme uko kwenye waya na mnyama akiugusa anapigwa. Huu wa mbwa ni tofauti kabisa. Waya uliofukiwa haumpigi mtu. Mtoto akiukanyaga hahisi kitu, hata akiushika kwa mkono. Shoti inatoka kwa betri ya kola, basi.

Hilo ni jambo zuri kwa watoto wa ploti, lakini lina upande wa pili. Mbwa yeyote asiye na kola anaingia kwako anavyotaka. Mbwa koko wanaingia. Mwizi anaingia. Mtu mwenye nyama ya sumu naye anaingia. Na Chui wako, aliyefundishwa asivuke mstari, hana pa kukimbilia.

Teknolojia hii si mpya. Ilianzia Marekani mapema miaka ya 1970, na ilitengenezwa kwa ajili ya mitaa yenye nyumba zilizo mbalimbali, nyasi pana na majirani wasiopenda kuona kuta. Kumbuka hilo unapoiangalia ploti yako.

Chukua futi upime

Ploti ya kawaida huku kwetu ni 50 kwa 100. Ukiizunguka yote unapata futi 300, yaani kama mita 91 za waya. Hiyo ni rahisi kununua. Shida iko kwingine.

Kola haisubiri mbwa afike juu ya waya. Inaanza kulia kabla, na umbali huo unaupanga wewe kwenye kisanduku. Tuseme umeweka mita mbili. Ploti yako ina mita mraba karibu 465. Ukitoa ukanda wa mita mbili kila upande, mbwa anabaki na mita mraba karibu 298. Umepoteza zaidi ya theluthi moja hata kabla hujaitoa nyumba yenyewe, tangi la maji, na gari la mpangaji mwenzako. Kwenye ploti ya 40 kwa 80, hesabu hiyohiyo inamwachia mbwa zaidi kidogo ya nusu tu.

Halafu mawimbi ya redio hayajui ukuta. Nyumba yako ikiwa imejengwa karibu na mpaka, kama nyingi zilivyo, mbwa anaweza kupigwa shoti akiwa amelala sebuleni. Waya ukipita sambamba na nyaya za stima, mawimbi yanaweza kuvuruga au kuruka upande ule, kwa hivyo inashauriwa uuweke mbali nazo, na pale ambapo ni lazima zikutane, zikatizane kama msalaba. Na kile kipande cha waya kinachotoka kwenye kisanduku kwenda mpakani lazima nyaya zake mbili zisokotwe pamoja ili mawimbi yauane. Usiposokota, umeweka mpaka katikati ya kiwanja na mbwa hatakuelewa.

Ziko pia kola za kisasa zinazotumia setilaiti, bila waya wowote. Unachora mpaka kwa simu. Zinavutia, lakini setilaiti hukosea kwa mita kadhaa. Kwenye shamba la ekari kumi hiyo si shida. Kwenye ploti ya 50 kwa 100, mita kadhaa ni tofauti kati ya uwanja wako na barabara.

Kisha kuna stima. Ikipotea, kisanduku kinazima isipokuwa uwe na betri ya akiba. Betri ya kola ikiisha, hali ni ileile. Jembe la fundi wa maji likikata waya mahali pamoja tu, ua wote umekufa. Ukuta wa mawe hauna haja ya tokeni.

Mbwa akiamua, ameamua

Mbwa aliyeona paka, kuku, au jike lililo kwenye joto hakokotoi hesabu. Anavuka kwa kasi, anapigwa shoti ya sekunde moja, na tayari yuko nje. Sasa anataka kurudi nyumbani. Waya uko palepale, kola bado iko shingoni, na akikaribia inalia. Wakati wa kutoka alikuwa amepandwa na mori. Wakati wa kurudi mori umeisha. Kwa nini ajipeleke kwenye maumivu? Anabaki barabarani.

Hii si dhana yangu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo ulilinganisha mbwa wanaozuiliwa kwa njia mbalimbali. Asilimia 44 ya waliokuwa na ua wa umeme waliwahi kutoroka. Kwa waliokuwa na ua wa kawaida, ilikuwa asilimia 23. Karibu mara mbili.

Kosa langu

Sasa nikuambie nilichofanya mimi.

Maelekezo ya mfumo huu yanasema umfundishe mbwa kwa wiki mbili au zaidi. Unapanda bendera ndogo kwenye mstari wote ili auone mpaka kwa macho. Siku za kwanza shoti imezimwa. Unamtembeza kwa kamba, kola ikilia unamgeuza, akigeuka unampa kipande cha nyama. Dakika kumi au kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Akishaelewa kwamba mlio maana yake ni "rudi", ndipo unawasha shoti, tena ya kiwango cha chini kabisa. Kamba huiachi mpaka uwe na uhakika.

Nani ana wiki mbili? Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Nilifukia waya Jumamosi. Jumapili nikaishika kola kwa mkono na kujaribu. Kiwango cha kwanza kilikuwa kama ile cheche unayohisi ukivua sweta. Cha tatu kilinifanya niitupe chini. Nikajiambia, "Mbwa ana manyoya, hatahisi sana." Nikamvisha Chui na kuweka kiwango cha tatu.

Alikimbia kuelekea barabarani kama kawaida yake. Kola ikalia, hakujua ni nini. Shoti ikampiga wakati uleule boda ilikuwa inapita, ikiwa imebeba abiria na mfuko wa unga. Alipiga mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, akarudi akiwa ameinama, mkia umeingia katikati ya miguu.

Fikiria alichokiona yeye. Hajui kuna waya. Hajui kuna kisanduku kwenye soketi. Anajua tu kilichokuwa mbele yake alipoumia, nacho kilikuwa boda. Tangu siku hiyo, mbwa ambaye zamani alikuwa akizikimbiza boda kwa mchezo alianza kuzibwekea kwa hasira, meno nje, nywele za mgongo zimesimama. Nilitaka kupunguza hatari ya mtu kuumwa. Nilikuwa nimeiongeza.

Siku ya Jumatano sikumkuta mlangoni. Alikuwa ndani ya kibanda chake, amejikunja, amekojoa palepale. Kiwanja chote kilikuwa kimemgeukia adui. Nilimvua kola nikakuta ngozi ya chini imeanza kuwa nyekundu, kwa sababu nilikuwa nimemwachia usiku na mchana. Kola hizi hutakiwa kuvuliwa kila siku, kwani vijiti vikikandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu vinachimba vidonda.

Wataalamu wanasemaje?

Hawaimbi wimbo mmoja, na ni vizuri ujue hivyo. Wales ilipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka mwaka 2010, zikiwemo hizi za ua. Mwaka 2021, shirika la madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, AVSAB, lilitoa msimamo kwamba mbwa wafundishwe kwa zawadi, wala si kwa shoti au njia nyingine za kuumiza.

Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu paka waliokuwa wameishi na ua kama huu kwa muda mrefu. Hawakupata dalili za madhara makubwa kwa hali ya paka hao. Wanaoutetea ua huu huongeza hoja nzito: mnyama aliyegongwa na gari amepata madhara makubwa kuliko shoti. Ni kweli. Lakini paka wale walikuwa wameshazoea mpaka. Chui hakupewa hata siku moja ya kuuelewa.

Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani mtu anayemtesa mnyama au kumsababishia mateso yasiyo ya lazima. Kwa hivyo usidhani kwamba ukishamnunua mbwa unaweza kumfanyia lolote.

Na mbwa akiuma, suala si la majirani tu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Dalili zikishatokea, ni vigumu mno mtu kupona. Ndiyo maana aliyeumwa anatakiwa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Na ndiyo maana chanjo ya mbwa wako ya kila mwaka haingoji mwisho wa mwezi mzuri.

Kwa hivyo ufanye nini?

Anza na swali hili: kwa nini anatoka? Wengi tunanunua kifaa kabla ya kujiuliza. Chui alikuwa peke yake kwa saa kumi na nne, hana kazi, hana mwenza. Nje kulikuwa na maisha.

Dume ambaye hajahasiwa hufuata harufu ya jike mtaa wa tatu, na hakuna shoti itakayoshinda hilo kila siku. Kumhasi hupunguza kuzurura kwa madume wengi. Zungumza na daktari wa mifugo wa karibu nawe, au uulize shirika la KSPCA, Karen, ambalo limetunza wanyama kwa miaka mingi.

Mtembeze kabla hujaenda kazini. Nusu saa ya kamba asubuhi inafanya kazi ambayo kola haiwezi. Mwachie mfupa au chakula kilichofichwa ndani ya kitu cha kutafuna, apate shughuli.

Kisha ziba mapengo. Huhitaji kuzungushia ploti yote. Chagua upande mmoja, funga wavu imara wa chuma kwenye nguzo, na upande wa chini ukunje wavu kuelekea ndani na uulaze chini ya udongo au mawe, ili akichimba akutane na chuma. Ukiwa mpangaji, wavu una faida nyingine: ukihama, unaufungua na kwenda nao. Mwenye nyumba hawezi kukuambia "unaniachia."

Na kama bado umeamua kuweka ua usioonekana, labda kwa sababu una shamba kubwa au ua wa kawaida ambao mbwa anauruka, basi usikate kona kama mimi. Hakikisha mbwa ametimiza miezi sita au zaidi. Usiutumie kwa mbwa mwoga au mkali. Jipe hizo wiki mbili kweli. Tumia kiwango cha chini. Vua kola usiku, kagua shingo kila siku, jaribu betri kila wiki. Usimwache kiwanjani peke yake mkiwa mmeondoka wote. Na uutumie pamoja na ua unaoonekana, si badala yake.

Chui yuko wapi?

Waya bado uko chini ya udongo. Sijapata muda wa kuuchimbua. Kisanduku kiko kabatini. Nilienda kwa mzazi wa yule mtoto, nikaomba msamaha na kulipa pesa za hospitali ya goti, na nikamwonyesha kadi ya chanjo ya Chui. Nilipaswa kwenda siku ileile. Nilichelewa kwa wiki nzima kwa sababu ya aibu.

Mwenye nyumba alikubali nifunge wavu upande wa nyuma wa nyumba. Tulinunua pamoja na mpangaji mwenzangu, ambaye ana mtoto mdogo na alikuwa na sababu zake. Chui ana nafasi ndogo kuliko zamani, lakini anaijua inapoishia, kwa sababu anaiona. Saa kumi na moja na nusu asubuhi tunatoka kwa kamba, mimi nikiwa nusu usingizini. Boda ikipita, tunasimama mbali, ninampa kipande cha nyama, tunaendelea. Hajapona kabisa. Bado hunguruma zikipita karibu sana. Imechukua siku moja kumharibu na sasa tuko mwezi wa nne wa kumrekebisha.

Wiki iliyopita namba ya mama mboga iliingia tena, saa nane mchana. Moyo ukaruka. Nilipokea nikiwa tayari kuomba radhi.

"Kijana wangu," alisema, "leo nikuwekee sukuma ya ngapi?"